Pini za Upande wa Isongole

Nina ugonjwa wa kuuliza. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, kama mtu aliyeambiwa jambo asiloliamini, na sijaukunjua mpaka leo. Katika uuguzi ugonjwa huu una faida na hasara zake. Faida nitaieleza hapa. Hasara waulize matroni walionisimamia.

Miaka ile soko huria lilipoanza kuchangamka, nilikuwa wodi ya watoto katika hospitali moja pale Tukuyu. Tulizoea watoto wanaolia. Mtoto anayelia unajua pa kuanzia. Masika moja wakaanza kuletwa watoto wasiolia. Wamelala. Unamfinya mtoto wa watu kwenye sikio, anafumbua jicho kidogo kama anayesumbuliwa na nzi, analifumba tena. Pumzi inakuja polepole, halafu unakaa unaisubiri nyingine. Wengine waliamka wenyewe. Wengine hatukuwahi kuwaamsha.

Mwanzoni tuliwatundikia kwinini, maana mtoto aliyelala hivyo kwetu tulimhesabu ana malaria iliyopanda kichwani. Mimi nikaanza kununa. Watoto wale hawakuwa na homa, na wengi walitoka upande wa Isongole, kwenye baridi ya viazi, ambako hata mbu nadhani huvaa sweta. Mbona hawatoki kule chini kwenye joto, kwenye mbu wenyewe hasa? Nilimuuliza kila mtu swali hilo mpaka wenzangu wakawa wakiniona kwenye korido wanakumbuka kazi nyingine.

Daktari wetu hakunikimbia. Alikuwa mtu mrefu, mpole, anayezungumza kwa sauti ya chini kama yuko kanisani. Asubuhi moja aliniita kwenye kitanda cha mtoto aliyeletwa na lori la viazi, akamfunua kope, akammulika kwa tochi.

"Tazama mboni," akasema.

Zilikuwa zimesinyaa, ndogo kama tundu la sindano. Akaizima tochi, akaiwasha tena. Hazikubadilika.

"Hii si malaria, sista. Huyu amekunywa kitu cha jamii ya afyuni."

Nilicheka, Mungu anisamehe. "Dokta, Isongole wanalima viazi."

"Ndiyo maana nakuambia wewe. Si unapenda kuuliza? Basi kaulize."

Nilianza na kina mama waliokuwa wodini. Umempa nini mtoto? Hakuna, sista. Umempa dawa gani? Hakuna dawa. Kwa sauti niliyokuwa nayo siku hizo, hata mimi ningejibu hakuna. Kesho yake nikaja kivingine. Nikaketi kitandani, nikamshika mtoto mguu, nikauliza kana kwamba sitaki jibu: kwani tumbo lilikuwa linamsumbua? Hapo ndimi zikafunguka. Ndiyo, alikuwa anaharisha. Huyu naye alikuwa anaharisha. Na wote walipewa kitu kimoja, ambacho wenyewe walikiita maziwa ya tumbo.

Lazima nieleze hali ilivyokuwa. Kabla ya hapo hospitali ilikuwa bure na dawa hazikuwepo. Sasa dawa zilikuwepo, ila zilihamia madukani, na hospitali ikaanza kukutaka uchangie. Mtu wa kijijini akishuka Tukuyu kuuza viazi au ndizi, alipita duka la dawa baridi kama anavyopita kununua chumvi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Maziwa ya tumbo yalikuwa dawa nyeupe, nzito, ndani ya chupa ndogo. Mwenye duka lililoyauza zaidi alikuwa mganga msaidizi mstaafu, mtu wa heshima zake. Nilipomweleza, alitoa ile chupa kubwa aliyokuwa akipimia, tukasoma maandishi ya pembeni tukiwa tumegusanisha vichwa. Dawa ya kuharisha. Udongo mweupe laini uliochanganywa na afyuni kidogo.

"Lakini kidogo sana," akasema, na jasho likamtoka. "Na mimi kabla ya kumimina naitikisa mpaka bega linauma. Nawaambia kijiko kimoja kidogo, basi."

Nilimwamini. Aliiondoa kwenye rafu mbele ya macho yangu. Tatizo ni kwamba chupa zilikwishatapakaa wilaya nzima, zimekaa kwenye vishubaka vya majikoni, na wachuuzi wa minadani nao walikuwa wanaziuza. Huwezi kuingia kila jiko la Rungwe.

Ndipo daktari akasema tujue kwanza watoto wanatoka wapi. Ukutani kwake kulikuwa na ramani ya wilaya tuliyotumia kwa chanjo. Nilikwenda sokoni kwa fundi cherehani mmoja, mzee ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, nikamwomba pini zake zenye vichwa vya rangi.

"Wodini mnashona nini, sista?" akaniuliza.

"Tunashona midomo ya watu wenye maswali," nikamwambia.

"Basi wewe usingekuwa unaongea," akasema, akanipa kopo zima.

Kila mtoto aliyelala akawa na pini nyekundu pale kilipo kijiji chake. Tulifukua na kumbukumbu za nyuma, wale tuliowaandika malaria, tukawachomeka nao. Sikujua kama kazi ndogo namna ile ingenikosesha usingizi. Pini zilijazana kaskazini, upande wa Isongole, zimesongamana mpaka nyingine hazikupata pa kukaa. Tukuyu mjini zilikuwa za kuhesabika. Kule Nkunga, kwenye migomba, hapakuwa na hata moja.

Nilirudi kwa mwenye duka. "Watu wa Nkunga hawanunui kwako?"

"Nkunga? Hao ndio wateja wangu wakubwa. Wamebeba chupa nyingi kuliko wote."

Dawa ile ile, duka lile lile, bega lile lile lililotikisa chupa. Kwa nini mtoto wa Nkunga akinywa anapona tumbo, na wa Isongole akinywa analala?

Wakati najiuliza hivyo, kuna jambo halikuweza kusubiri jibu langu. Tulikuwa tumepata kutoka Mbeya vichupa vichache vya sindano ya kumwamsha mtu wa namna ile, vichache hivi kwamba vyote vilienea kwenye kiganja. Kwenye kikao cha wafanyakazi karibu kila mtu alitaka vikae Tukuyu, hospitali kubwa, chini ya kufuli. Daktari alisikiliza mpaka wakachoka, kisha akaenda ukutani akaweka mkono wake juu ya zile pini.

"Watoto wako hapa," akasema. "Kutoka hapa mpaka kwetu, barabara ikiwa tope, mtoto anakata roho njiani. Dawa iende waliko."

Vichupa vikapelekwa zahanati ya kule, na mganga wa zahanati akafundishwa. Aliambiwa pia akishamchoma mtoto asimwachie, amlete Tukuyu, kwa sababu sindano ile huisha nguvu mapema kuliko kitu kilichomlaza, na mtoto anaweza kulala tena.

Wa kwanza kuchomwa alikuwa binti mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Alifika kwetu akiwa macho, amekasirika, analia kwa sauti ya kukwaruza. Sijawahi kufurahia kelele kama zile. Mama yake alikuwa msichana mwembamba, mkimya, aliyeolewa Isongole akitokea Nkunga. Hakufurahi hata kidogo. Aliketi pembeni ya kitanda mikono mitupu, maana mtoto alikuwa amebebwa na mama mkwe wake.

Yule mama mkwe alinivuta mpaka dirishani. Alikuwa mama wa makamo mwenye mikono ya jembe, na Kiswahili chake kilikuwa na mdundo wa Kinyakyusa.

"Watoto wawili, sista," akasema. "Wa kwanza alilala hivi hivi masika iliyopita, nikamzika mimi. Sasa na huyu. Usingizi ule ule. Nyumba yangu haikuwa na usingizi huu kabla huyu hajaja."

"Si nyumba yako peke yake, mama. Njoo nikuonyeshe ramani."

"Mimi ramani siijui. Najua mtoto niliyemzika."

Akanieleza bila kuficha kitu. Baada ya ibada ya Jumapili ukoo ungekaa. Mwanawe aliwaachia wazee waamue. Wangemrudisha yule msichana kwao Nkunga, na mtoto angebaki kwa bibi yake. Mpaka siku hiyo msichana angekuwa anamnyonyesha mbele ya macho yao, kisha anapokonywa. Alisema hayo huku anamtikisa mtoto mgongoni kwa upole wa ajabu, na mimi hasira zilizokuwa zinanipanda zikakosa pa kukaa. Mama yule hakuwa mbaya. Alikuwa anaogopa kuzika tena.

Nilipomgeukia msichana, alisema neno moja tu. "Mtoto wangu, sista."

Basi sikuwa tena na swali la udadisi. Nilikuwa na swali lenye Jumapili yake.

Gari la chanjo lilikuwa linakwenda Nkunga, nikajipachika. Niliingia majikoni kama mgeni mwenye njaa, na kwa kweli nililishwa ndizi mpaka nikaona aibu. Dawa ipo? Ipo, sista, ile pale. Unampaje mtoto? Kina mama walinishangaa. Wanaichukua chupa, wanaitikisatikisa kama mtu anavyotikisa maziwa ya mgando, wanamimina kwenye kijiko, mtoto anakunja uso, basi. Nilitoka na kiu nikaomba maji. Mama mmoja alinipeleka mgombani, mahali ambapo chemchemi inatoka kwenye mwamba, akakinga kata, akanipa. Maji yalikuwa meupe pe, baridi mpaka meno yakauma. Nikanywa, nikashukuru, ndaga, wala sikujua kuwa nimeshika jibu mkononi.

Keshokutwa yake nilipanda Isongole. Walikuwa wamesharuhusiwa kutoka wodini, nikamkuta yule msichana ametoka mtoni, ndoo kichwani, mvua inamnyeshea. Mtoto alikuwa kwa bibi yake, nyumba ya pili. Akatua ndoo jikoni, nikachungulia. Mvua ilikuwa imeburuta udongo wa mashamba yote ya viazi yaliyo kwenye mteremko na kuuingiza mtoni, na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hakuyagusa. Aliyafunika kwa ungo, akasogeza ndoo nyingine iliyokuwa imetulia tangu asubuhi, akazamisha kata juu juu, taratibu, asivuruge chini. Alichota maji safi kabisa. Tope lote lilikuwa limelala chini.

"Unafanya hivyo kila siku?" nikamuuliza.

"Masika yote. Huku wote wanafanya. Mwanamke anayechota bila kutuliza wanamsema mchafu." Akatabasamu kidogo. "Kwetu sikuyajua haya. Mama mkwe alinifundisha siku ile ile nilipoolewa, tena aliniambia, mjukuu wangu hatakunywa tope."

Nikamwambia, "Dawa yake ya tumbo naiomba niione."

Ilikuwa kwenye kishubaka, imesimama wima, haijaguswa tangu siku ile. Juu maji yalikuwa maangavu. Chini kulikuwa na udongo mweupe uliojaa zaidi ya nusu ya chupa.

"Na hii unampaje?"

"Naiacha itulie," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa na sauti ya mtu anayejua kazi yake. "Namchotea yale ya juu. Yakiwa safi hivyo hata kunywa anakunywa vizuri, namwongezea. Udongo namwaga."

Nilivuta kigoda nikakaa. Afyuni ilikuwa kwenye yale maji. Udongo ndio uliokuwa unakaza tumbo, na ndio uliokuwa unajaza kijiko ili afyuni isizidi. Ukiutoa udongo, ukachota maji matupu, tena ukaongeza, umemnywesha mtoto usingizi. Nyumba zote za upande ule zilikuwa zinafanya hivyo, na kadiri mama alivyokuwa msafi na mwangalifu ndivyo mwanawe alivyolala zaidi. Ramani nzima ikanijia kichwani. Zile pini zilikuwa zimechomekwa kwenye maji ya tope.

Nilimweleza. Nilijitahidi kueleza polepole, na mimi si mtu wa polepole. Alisikiliza akiwa ameishika ile chupa. Hakulia nilivyotegemea. Aliuliza tu, "Na yule wa kwanza?"

"Na yule wa kwanza."

Akairudisha chupa kwenye kishubaka, akaisukuma mpaka ikagusa ukuta.

Daktari alipopata habari hakuketi. Jumapili hiyo makanisa yote ya upande ule yalitangaza, na Ijumaa iliyotangulia walitangaza msikitini Tukuyu: dawa ya tumbo nyeupe asipewe mtoto, na mwenye nayo ailete zahanati. Wengine walileta kwa vikapu. Mimi sikwenda ibadani kwetu. Nilikwenda Isongole kwenye kikao cha ukoo, sikualikwa.

Walikaa sebuleni. Baba mkwe alikuwa nje, nyuma ya ukuta karibu na dirisha, kwa sababu kwa Wanyakyusa wa rika lake baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani, hata siku ya kumfukuza. Sauti yake ilikuwa inaingia peke yake. Msichana alikuwa ameketi mkekani, amejifunika kanga mpaka usoni. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti, na mtoto mgongoni kwake amefungwa kitenge.

Nilikuja na ndoo ya maji ya mtoni na chupa ya dawa iliyotulia, nikaviweka katikati. Nikawaonyesha tope la ndoo, nikawaonyesha udongo wa chupa. Nikaeleza afyuni iko wapi. Nikawatajia nyumba za majirani, na ndani ya chumba kile kulikuwa na watu wawili watatu ambao watoto wao walilala pia, wakaanza kutazamana. Nikasema hakuna uchawi hapa wala sumu. Mkono wa mama huyu ni msafi, na usafi wenyewe ndio uliomponza.

Kisha sauti ya baba mkwe ikaingia dirishani, "Huo mtindo wa kutuliza dawa, nani alimfundisha?"

Mama mkwe alikuwa ananitazama mimi. Uso wake ulikuwa umeanza kubadilika rangi, na nikajua amekwishafika kule ambako hesabu ilikuwa inampeleka. Nilifungua mdomo. Miaka yote nimeamini kwamba jambo likijulikana lisemwe, na pini ikae pale inapostahili kukaa.

"Nilijifunza kwetu," msichana akasema kutoka ndani ya kanga. "Nkunga. Nilikuja nayo."

Nikaufumba mdomo wangu, jambo ambalo si kawaida yangu.

Nje baba mkwe aliguna. Waliokuwa wamekaa wakaanza kunong'ona kwamba basi, kumbe ni mambo ya kutojua, atafundishwa. Mama mkwe hakunong'ona na mtu. Alikuwa anaiangalia ndoo. Mwishowe alinyanyuka, akaja mpaka mkekani, akapiga magoti mbele ya mkwe wake, mama mzima na mikono yake ya jembe.

"Nilikuja kwenu kukuposa," akamwambia taratibu, kwa sauti ambayo nadhani haikufika dirishani. "Mama yako alinikingia maji kwenye mwamba. Niliyanywa pale pale, bila kutuliza."

Mama mkwe akapeleka mikono kifuani, akafungua fundo la kitenge, akamshusha mtoto, akampa mama yake.